Hotuba ya Dakika 20

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu waliitumia methali hii katika mambo ya biashara, lakini mimi nataka kuitumia katika mambo ya kompyuta, maana ndiyo iliyonipa mwanzo wa hotuba ninayotakiwa kuitoa likizo ijayo mjini Dodoma, mbele ya mkutano wa vijana wanaoandika programu. Nimepewa dakika 20. Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaelezeni jinsi ninavyoitayarisha hotuba hiyo, nami nimekubali kwa furaha, kwa kuwa katika kuitayarisha limezuka jambo moja linalotuhusu sisi sote, hata wale wasiogusa kompyuta kabisa. Jambo lenyewe ni hili: kazi ikifanywa na wengi, ni ya nani?

Kwanza niseme habari za kazi yenyewe. Chama chetu cha kompyuta kina wanachama watano, na kwa muda wa mihula mitatu tumekuwa tukiandika programu ya maktaba, ili mkutubi aweze kujua kitabu kipi kimeazimwa, kimeazimwa na nani, na kitarudi lini. Hapo mwanzo kazi ilikuwa katika flashi. Humo mlikuwa na faili iitwayo “maktaba”, na nyingine “maktaba mpya”, na nyingine “maktaba mpya kabisa”, na nyingine “maktaba ya mwisho”. Na baada ya hiyo ya mwisho zilikuja mbili nyingine. Mtu akitaka kuendelea na kazi ilimbidi kwanza aulize ni faili ipi iliyo ya kweli, na aliyejua huenda siku hiyo yuko mpirani. Kila aliyepata kuandika jambo pamoja na wenzake anaijua taabu hii.

Dawa yake ni programu iitwayo Git, na hiyo ndiyo hotuba yangu. Git hutunza historia ya kazi. Ukimaliza sehemu moja, hata ikiwa ndogo, waiambia iweke kumbukumbu. Nayo huhifadhi hali ya faili zako zote wakati ule, pamoja na jina la mwandishi, tarehe na saa, na maneno machache ya kueleza sababu ya badiliko. Kila kumbukumbu hupewa alama yake ya tarakimu na herufi 40. Alama hiyo hupatikana kwa hesabu inayofanywa juu ya yale yaliyomo na juu ya alama ya kumbukumbu iliyotangulia. Kwa hiyo mtu hawezi kubadili kumbukumbu ya zamani kwa siri, maana akiigusa moja, alama za zote zinazoifuata hubadilika pia, na wenzake walio na nakala watagundua mara. Ni kama daftari ambalo kurasa zake zimeshonwa kwa uzi mmoja: ukichomoa ukurasa mmoja, daftari zima hulegea.

Programu za namna hii si mpya. Mwaka 1972 Marc Rochkind, aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs huko Marekani, alianza kutengeneza moja iliyoitwa SCCS, na nyingi nyingine zikafuata. Git yenyewe ilianzishwa Aprili 2005 na Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland, yule yule aliyeanzisha Linux. Watu wengi wa nchi mbalimbali walikuwa wakiandika Linux kwa pamoja, na programu waliyoitumia kutunza kazi yao, BitKeeper, wenyewe waliondoa ruhusa ya kuitumia bure. Torvalds akaandika ya kwake, na Julai mwaka ule ule akamkabidhi Junio Hamano kazi ya kuitunza. Habari hizi nitazisema kwa dakika 2 tu, maana wasikilizaji hawakuja kusikia historia ya Finland.

Jambo la kwanza lililonipa taabu lilikuwa lugha. Waandalizi wameturuhusu kusema Kiswahili au Kiingereza. Darasani twajifunza mambo haya kwa Kiingereza, na wengi walinishauri nifuate njia hiyo, ati nisije nikaonekana mshamba. Lakini nimeona mara nyingi katika chama chetu kwamba mtu aweza kutamka maneno yote ya Kiingereza bila kosa, na ukimwuliza maana yake, hana. Nimechagua Kiswahili. Basi ikanibidi nitafute maneno. Tawi lilikuwa rahisi, kwa kuwa kila mtu anajua tawi la mti, la benki na la chama. Kuunganisha matawi, vile vile. Pale watu wawili walipobadili mstari mmoja kwa namna mbili, twasema pana mgongano. Ile kumbukumbu moja moja ndiyo iliyotushinda kuipa jina fupi. Mwenzetu mmoja alipendekeza “komiti”, tukacheka sana, maana aliyekaa nyuma angesikia “kamati” akadhani pana mkutano mwingine. Mwishowe tuliiita kituo.

Neno hilo tulilipata hapa hapa Tabora. Wasomaji wajua kwamba mji wetu ulikua juu ya njia ya misafara. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Ugogo, ikafika Unyanyembe. Na hapa njia iligawanyika, moja ikaenda Ujiji kwenye ziwa Tanganyika, nyingine ikaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Toka Bagamoyo mpaka Ujiji ni mwendo wa kilometa 1,200 hivi, na hakuna aliyeumaliza kwa siku moja. Watu walikwenda kituo kwa kituo. Penye kituo ulitua mzigo, ukajua umefika wapi, na kama njia ya mbele ilikuwa mbaya waliweza kurudi mpaka pale walipolala jana. Ndivyo ilivyo kazi ya kompyuta. Ukiwa na vituo vingi vilivyo karibu karibu, ukipotea hupotezi safari nzima.

Tena msafara ulikuwa na kirangozi, aliyetangulia mbele. Akifika penye njia mbili, aliweka matawi ya miti juu ya ile isiyofaa, kusudi wale waliokuwa nyuma wasiifuate. Hayo ndiyo maneno machache tunayoyaandika katika kila kituo. Mtu akiandika “nimerekebisha” tu, hakumwachia mwenzake jani hata moja. Lakini akiandika “siku za kurudisha kitabu zilihesabu likizo, sasa hazihesabu”, basi atakayekuja baada ya mwaka mmoja atajua kwa nini mstari ule uko pale, wala hataufuta bure. Sehemu hii nimeipa dakika 4, nami nitasoma mifano mitatu mibaya na mitatu mizuri kutoka kazi yetu wenyewe.

Kwa habari ya matawi na mgongano nitawapa kisa cha Burton na Speke. Walifika Kaze, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, Novemba 1857. Walikwenda Ujiji pamoja wakarudi. Kisha, mwaka 1858, Burton alibaki hapa akikusanya habari, na Speke akaenda kaskazini, akaliona ziwa kubwa la Nyanza, akaliita Victoria. Aliporudi alisema kwamba ndilo chanzo cha mto Nile. Burton hakukubali. Matawi mawili yaliyotoka Tabora hayakuunganika, wakawa maadui. Na Septemba 1864, siku moja kabla ya siku waliyotazamiwa kujadiliana mbele ya watu mjini Bath, Uingereza, Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa lile, na safari yake ikampa Speke haki. Nitakisema kisa hiki kwa sababu wengi hudhani kwamba kompyuta itawaamulia ugomvi wao. Git haiamui. Penye mgongano huweka maneno ya huyu na maneno ya yule pamoja, na alama katikati, kisha hungoja. Kuamua ni kazi ya watu, nao hawana budi kukaa pamoja wakasemezana.

Kisa cha pili ni cha kuonyesha faida ya kutofuta historia. Wengi wetu tumekwenda Kwihara kuitazama ile nyumba ya Livingstone. Mwaka 1871, alipokuwa Nyangwe kando ya mto Lualaba, karatasi zilimwishia, akawa anaandika shajara yake juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea. Huko, tarehe 15 Julai 1871, aliona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni. Habari hizo aliziandika tena katika daftari kubwa, ambalo wataalamu huliita kwa jina la Unyanyembe, na Stanley alilichukua kwenda Uingereza mwaka 1872. Baada ya Livingstone kufariki, Horace Waller alitengeneza kitabu, kikatolewa mwaka 1874, na watu wakasoma habari za Nyangwe kwa jinsi zilivyo humo. Ile shajara ya magazetini ilififia hata haikusomeka. Ndipo mwaka 2011 wataalamu, kwa kuzipiga picha karatasi zile kwa mianga ya namna mbalimbali, wakaweza kuisoma tena. Wakaona kwamba maneno ya kwanza na maneno ya baadaye hayalingani pahali pengi, na hasa katika habari za mauaji yale. Hivyo kwa zaidi ya miaka 130 dunia ilikuwa na toleo moja tu la habari hiyo. Lililofutwa nalo lina habari zake. Na lau karatasi zile zingalitupwa, tusingalijua kamwe.

Sasa nafika penye lile jambo nililolitaja mwanzo. Waandalizi wa mkutano walituletea fomu ya kujaza, na ndani yake pana mstari mmoja ulioandikwa “jina la mtengenezaji wa programu”. Mstari mmoja! Tulikutana Jumamosi moja kuujaza. Mwanachama mmoja alisema liandikwe jina langu, kwa kuwa mimi ni wa Kidato cha Sita na ndiye nitakayesema. Mwingine alisema mwenye wazo la kwanza ndiye mwenye kazi. Maneno yakawa mengi, na sauti zikaanza kupanda. Ndipo mmoja aliposema, “Daftari si lipo? Tuliulize.” Tukalifungua mbele ya wote.

Zaidi ya nusu ya vituo vilikuwa na jina la mwenzetu wa Kidato cha Pili, aliye mdogo kuliko sisi sote, ambaye hukaa mwisho wa benchi na huzungumza kwa nadra. Sehemu yote ya kutafuta vitabu vilivyopitiwa na siku ni kazi yake. Aliifanya kidogo kidogo, jioni kwa jioni, kituo kwa kituo. Hapana aliyekuwa amelikanusha jambo hilo. Ila hapana aliyelifikiri. Tulinyamaza wote. Yeye mwenyewe alikuwa akitazama chini.

Kisha Mwalimu wetu, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya, akauliza, “Na aliyeandika majina ya vitabu, yuko wapi humo?” Tukatazama tena. Mwenzetu wa Kidato cha Tatu alipita rafu kwa rafu muhula mzima, akaandika kwa kalamu katika daftari la mazoezi jina la kila kitabu, mwandishi wake na hali yake. Wengine ndio walioyaingiza majina hayo katika kompyuta. Kwa hiyo daftari liliwataja wao, na yeye hakutajwa hata mara moja. Mwalimu alisema, “Daftari huandika aliyeitua mizigo kituoni. Halijui nani aliyeifunga.”

Maneno hayo yalinipeleka tena kwenye njia ya misafara. Vitabu vyatuambia Burton alisafiri, Stanley alisafiri. Lakini mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi wa nchi hii, kila mmoja mzigo wa kilo 30 hivi. Wachache majina yao yamebaki, kama Sidi Mubarak Bombay, aliyefuatana na Burton na Speke, na baadaye Stanley, kisha Cameron. Wengine wote wamekuwa “wapagazi” tu. Tena walikuwapo waliopitishwa njia hiyo hiyo wakiwa watumwa, nao waliandikwa kwa hesabu ya vichwa, ikiwa waliandikwa. Njia ile ilikuwa na madaftari mengi; ila aliyeshika kalamu aliandika aliowaona kuwa watu wa kutajwa. Nikaona kwamba chombo nilichotaka kukisifu Dodoma ni kizuri kweli, kwa kuwa humtaja mpagazi mdogo hata kama wakubwa wamemsahau. Lakini nacho chahitaji watu wenye nia ya haki. Katika maneno ya kituo aweza kuongezwa mstari wa kumtaja aliyesaidia, naye akawa ameshiriki kazi ile mbele ya wote. Tumekubaliana kufanya hivyo tangu siku ile. Katika fomu tuliyaandika majina matano, madogo madogo, mpaka nje ya mstari.

Kwa sababu hiyo nimeongeza katika hotuba dakika 4 za maonyo. La kwanza, Git haihakikishi jina. Huandika lile uliloiambia. Mtu mwovu aweza kuandika la mwenzake, na dawa yake ni sahihi za siri, ambazo hutengenezwa kwa hesabu. La pili, usihesabu vituo ukadhani umepima kazi: mmoja huweka kituo kwa kubadili nukta, na mwingine kwa kazi ya siku tatu. La tatu, usiweke humo neno la siri, wala alama za mitihani za wanafunzi, wala namba zao za simu. Ukizifuta kesho, zinabaki katika kituo cha jana, na kila anayepewa nakala hupewa historia yote. La nne, Git hufaa hasa kwa maandishi matupu. Picha itazitunza, lakini haitakuonyesha vizuri ni nini kilichobadilika. Na la tano, daftari lililo katika kompyuta moja litakufa pamoja na kompyuta hiyo. Lazima pawe na nakala pahali pengine.

Wengine huchanganya Git na GitHub. GitHub ni pahali katika intaneti pa kuwekea kazi. Ilifunguliwa mwaka 2008, na Microsoft ikainunua mwaka 2018. Git yenyewe haihitaji intaneti. Kila mwenye nakala ana historia nzima, naye aweza kuendelea na kazi hata kama bando limekwisha. Sisi hupelekeana kazi kwa flashi, ile ile ya zamani, ila sasa ndani yake mna daftari moja badala ya faili sita za mwisho. Dodoma nitalionyesha jambo hili nikiwa nimezima intaneti kabisa, kusudi mwanafunzi wa Urambo au Sikonge asiseme kwamba mambo haya ni ya watu wa Dar es Salaam.

Nimewaandikia waandalizi kuomba kwamba mwenzangu wa Kidato cha Pili aeleze mwenyewe ile sehemu ya kutafuta vitabu, kwa dakika 5 kati ya zile 20. Wamekubali tugawane muda, lakini nauli waliyotoa ni ya mtu mmoja. Wanachama wameanza kuchanga, na haba na haba hujaza kibaba; wazazi watakaoguswa na jambo hili wanaweza kumwona Mwalimu wa chama. Ikiwa nauli ya pili haitapatikana, nimemwambia Mwalimu kwamba aende yeye. Hotuba yote tumeiandika katika daftari la chama, kituo kwa kituo, naye amekwisha sahihisha sehemu mbili ambazo mimi nilizieleza kwa maneno mengi mno. Aweza kuisema bila mimi. Kwanza alikataa kwa woga. Juzi alikuja akaniuliza kama projekta ya Dodoma itapokea kompyuta yetu, nami nikajua kwamba ameanza kukubali.

Ijumaa ya mwisho wa muhula, baada ya masomo, tutaisoma hotuba hii katika maktaba mbele ya wote wanaotaka kusikiliza. Njooni na maswali magumu, kwa maana ni afadhali tushindwe hapa kuliko kushindwa kule. Nanyi mnaoandika mchezo wa kuigiza, au katiba ya chama, au habari za mji huu kwa pamoja, anzeni leo kuandika katika karatasi ni nani aliyefanya nini, lini, na kwa sababu gani. Hata bila kompyuta mtaona faida yake siku mtakapoulizwa jina la mwenye kazi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita